Saa ya Mbizi Yenye Majira Mawili: Kuichagua, Kuivaa na Kuitunza

Kabla hujauliza bei ya saa ya mbizi inayoonyesha majira ya sehemu mbili, uliza mshale wake wa nne unawekwaje. Wauzaji wengi hawalitarajii swali hili na baadhi yao hawana jibu, lakini ndilo litakaloamua kama saa hiyo utaivaa miaka kumi au utaichoka kabla mwaka haujaisha.

Saa yenyewe iko hivi. Ina mishale mitatu tuliyoizoea, wa saa, wa dakika na wa sekunde. Halafu kuna wa nne, ambao mara nyingi huwa na ncha ya pembetatu na rangi ya peke yake, nyekundu au ya machungwa. Mshale huu huzunguka uso wa saa mara moja tu kwa siku nzima, kwa hiyo husomwa kwenye tarakimu 24. Tarakimu hizo huandikwa ama kwenye pete ya nje inayokizunguka kioo, ama kwenye ukingo wa ndani. Ukielekea 20, huko kwa wenzako ni saa mbili usiku; ukielekea 8, ni saa mbili asubuhi. Mtu mwenye mtoto Toronto au mshitiri wa mizigo Guangzhou anajua thamani ya kutofautisha hizo mbili kwa kutupa jicho tu, bila kupiga hesabu na bila kumwamsha mtu usiku wa manane.

Saa za aina hii zina wazazi wawili. Mwaka 1953 Blancpain walitoa Fifty Fathoms, iliyotengenezwa kwa mahitaji ya waogeleaji wa kivita wa Ufaransa, na mwaka huohuo Rolex wakatengeneza Submariner. Mwaka 1955 Rolex wakaleta GMT-Master kwa ajili ya marubani wa shirika la ndege la Pan Am, waliokuwa wakivuka bahari na kuhitaji kujua saa ya Greenwich pamoja na saa ya mahali walipo. Mzazi wa kwanza ni saa ya majini, wa pili ni ya angani. Zilipounganishwa kwenye mkono mmoja, ugomvi ukabaki kwenye pete ile ya nje.

Mpiga mbizi anataka pete yenye dakika 60, inayozunguka upande mmoja tu. Sababu yake ni ya uhai. Anapoingia majini huiweka pembetatu ya pete sawa na mshale wa dakika, kisha dakika alizokaa chini anazisoma moja kwa moja kwenye pete. Ikigongwa na mtungi au na ukingo wa mashua ikasogea, itasogea upande wa kuonyesha kuwa amekaa chini muda mrefu zaidi kuliko ukweli. Atapanda mapema, basi. Kama ingezunguka pande zote mbili, siku moja ingempunguzia dakika, naye angebaki chini akidhani bado ana muda. Msafiri, kwa upande wake, anataka pete yenye saa 24 inayozunguka huku na huku, ili aweze kusoma majira ya nchi ya tatu. Pete ni moja, na kiwanda hakina budi kuchagua.

Kwa hiyo usichukue umbo la saa kuwa ushahidi. Seiko 5 Sports GMT, ile SSK001 iliyotoka mwaka 2022, ina sura ya saa ya mbizi kwa sababu imefuata umbo la SKX, saa ya mbizi iliyopendwa sana. Lakini pete yake ni ya saa 24, inazunguka pande zote, ufunguo wake wa pembeni haufungwi kwa parafujo, na imeandikwa mita 100. Ni saa nzuri ya kila siku, na ya kuogelea pia. Ya kushuka nayo na mtungi siyo. Tudor Black Bay GMT ya mwaka 2018 inavumilia mita 200 na ufunguo wake unafungwa kwa parafujo, lakini pete yake nayo ni ya msafiri. Seiko Prospex SPB381 imechukua njia ya tatu: dakika 60 ziko nje kwenye pete ya upande mmoja, tarakimu 24 ziko ndani, mita 200. Kwa mtu anayepiga mbizi kweli, mpangilio huu wa mwisho ndio ninaoupendekeza. Kwa anayeogelea ufukweni na kupiga simu ng'ambo, zile mbili za kwanza zinatosha kabisa.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Mashine za saa hizi ni za aina mbili. Katika aina ya kwanza, mshale wa nne unawekwa peke yake na mingine inabaki ilipo. Katika aina ya pili, mshale wa nne unatulia, na mshale mfupi wa saa ndio unaoruka saa moja moja mbele au nyuma, huku sekunde zikiendelea kutembea. Dukani unaweza kuzitambua kwa nusu dakika. Fungua ufunguo, uvute hatua moja tu, uzungushe taratibu pande zote mbili na utazame kinachosogea. Ukiona mshale wa rangi unasogea, ni aina ya kwanza. Ukiona mshale mfupi unaruka kutoka tarakimu hadi tarakimu, ni aina ya pili.

Tofauti hii ina maana kubwa kuliko jina lililoandikwa usoni. Kama wewe umetulia Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura na unachotaka ni kujua saa ya ndugu aliye mbali, chukua aina ya kwanza. Ni rahisi kwa bei, na inafanya hasa kazi unayoitaka. Kama ni wewe unayehama, aina ya kwanza itakuudhi, kwa sababu kila ukibadilisha saa ya mahali ulipo lazima usimamishe saa nzima na kuipanga upya. Baharia, mhudumu wa ndege na dereva wa masafa marefu, aina ya pili ndiyo inayowafaa.

Dereva nimemtaja makusudi. Lori likitoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi linapita Tunduma, na pale mpakani saa inarudi nyuma moja, kwa sababu Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Congo ya mashariki na kusini, Lubumbashi, Goma na Bukavu, iko vilevile. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Ukiingia Rwanda kwa Rusumo au kwa Gatuna, saa moja inarudi nyuma pia, na Burundi ni hivyohivyo. Lakini ukivuka Malaba kutoka Kenya kwenda Uganda hakuna kinachobadilika. Mwenye aina ya pili anafungua ufunguo, anarudisha mshale mfupi hatua moja, anaufunga, na mshale wa nne unabaki umeshika saa ya nyumbani. Haimchukui hata muda wa kugongewa muhuri wa pasipoti. Zamani mashine za aina hii zilikuwa za matajiri tu. Siku hizi Miyota, kampuni iliyo chini ya Citizen, wanatengeneza moja iitwayo 9075 ambayo viwanda vidogo vingi vinaitumia, na bei zimeshuka.

Namna ya kuzipanga nayo inatofautiana, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kwa aina ya kwanza, vuta ufunguo mpaka mwisho, panga kwanza saa ya hapa ulipo, kisha usukume ndani hatua moja ndipo upeleke mshale wa nne kwenye saa ya kule. Ukianza na mshale wa nne, mpangilio wake utapotea utakapopanga saa ya hapa, kwa maana yote huenda pamoja. Kwa aina ya pili unaanza kinyume: ufunguo mpaka mwisho, panga mshale wa nne na dakika kwa saa usiyotaka iguswe tena, kisha hatua moja ndani, rusha mshale mfupi mpaka saa ya hapa. Tarehe ya aina ya kwanza huwa na njia yake ya haraka. Usiibadilishe kwa njia hiyo kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, wakati meno ya kalenda yanapokuwa yameshikana, usije ukayavunja. Tarehe ya aina ya pili kwa kawaida husogea kwa kuzungusha mshale mfupi tu. Mizunguko miwili ni siku moja.

Mshale wa nne uuweke wapi? Uweke mahali pamoja na uuache hapo. Saa hii inazoeleka mkononi pale tu jicho linapojua, bila kufikiri, kwamba ncha nyekundu ni ya mtu fulani au kazi fulani. Anayeugeuza kila wiki, leo Dubai, kesho London, huishia kutouamini hata siku ulipo sawa.

Muscat na Dubai hazihitaji mshale wa nne. Ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja mwaka mzima, na kichwa kinatosha. Guangzhou iko mbele kwa saa tano, nayo haibadiliki. Mfanyabiashara wa Kariakoo atakayeona ncha imefika 18 wakati kwake ni saa saba mchana, anajua wa kule wanakaribia kufunga. Wanaobadilika ni Wazungu na Wamarekani. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani na sehemu kubwa ya Kanada husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ndiyo maana New York na Toronto huwa nyuma yetu kwa saa nane, kisha saba, na tarehe zao za kubadili hazilingani na za London. Mwenye ndugu pande zote mbili aziandike tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani. India ina nusu saa ya ziada: iko mbele kwa saa mbili na nusu, na kwa vile mshale wa dakika ni wa wote, hiyo nusu utaiongeza mwenyewe kichwani.

Ikiwa watu wako wametawanyika nchi nyingi, au wewe ni baharia, uweke mshale kwenye saa ya Greenwich, ile ya saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki, ambayo mabaharia na marubani huiita UTC. Taarifa za hali ya hewa za meli na za viwanja vya ndege huandikwa kwa saa hiyo. Ukiwa na pete ya tarakimu 24 inayozunguka, nchi nyingine zote utazipata kutoka hapo: kwa Guangzhou izungushe pete mpaka 8 ikae juu kabisa, penye tarakimu 12 ya uso, na mshale utakusomea saa ya kule.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wenyewe. Wengi wetu tunaitazama saa ikiwa imeelekea 7 na kusema saa moja, na akili haichoki. Lakini ndugu aliyezaliwa Minneapolis au Leicester hawezi, na ahadi ya simu ya saa nane imewahi kuwatenganisha watu kwa saa sita nzima. Mkipanga muda na kijana wa namna hiyo, mtajie tarakimu ya mshale wa nne: "Nitakupigia kwako ikiwa 14." Haina mjadala. Na kama una mzee nyumbani anayetaka saa imsomee kwa hesabu yetu, saa yenye pete ya tarakimu 24 inaweza. Weka mshale wa nne kwenye saa ya nyumbani, kisha zungusha pete mpaka 18 ikae juu. Sasa jua likiwa limechomoza na mshale mfupi uko kwenye 7, mshale wa nne utasoma 1. Adhuhuri utasoma 6. Magharibi utasoma 12, na baada ya hapo unatoa 12: 13 ni saa moja usiku, 16 ni saa nne.

Twende majini. Tarakimu ya mita iliyoandikwa kwenye saa si kina utakachoshuka nacho. Ni presha iliyopimwa katika utulivu wa karakana. Mita 30 maana yake manyunyu ya mvua na kunawa. Mita 50 ni kuogelea kidogo kwa uangalifu. Mita 100 ni kuogelea na kutazama samaki juu ya matumbawe kwa mrija. Kwa mtungi, nataka mita 200 na ufunguo wa parafujo. Tazama pia kama usoni pameandikwa neno "Diver's" kabla ya mita. Hiyo ni alama ya saa inayofuata kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 6425, ambayo hudai angalau mita 100, isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na kila saa, si sampuli tu, ipimwe kwa presha inayozidi ile iliyoandikwa kwa robo. Saa iliyoandikwa "200 m" peke yake inaweza kuwa imara, lakini hiyo ahadi haijaitoa.

Ukishuka Mnemba, Pemba, Mafia au Kisite leo, kompyuta ya mbizi ndiyo inayokuongoza, na usiruhusu saa nzuri ikushawishi vinginevyo. Saa ni shahidi wa pili. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, linampa anayeshuka mita 18 mara ya kwanza siku hiyo dakika 56 kabla hajahitaji vituo vya kutoa naitrojeni mwilini. Kompyuta ikizimika chini, pete iliyowekwa sawa tangu juu ndiyo itakayokuambia umebakiwa na nini, na ndiyo utakayoitumia kuhesabu dakika tatu za kusimama kwenye mita 5 kabla ya kuibuka. Iweke pete kabla ya kuruka, ukiwa bado umekaa ukingoni mwa mashua, vidole vikiwa vikavu. Chini ya maji na glavu, huwezi kuwa na hakika nayo.

Baada ya mbizi kuna kazi ambayo mshale wa nne unaifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote mkononi. Mwongozo wa shirika la usalama wa wapiga mbizi, DAN, unashauri kungoja angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Ukiibuka, kama saa yako ina pete ya tarakimu 24 inayozunguka, peleka pembetatu yake mahali ulipo mshale wa nne. Mshale ukifika 18 ya pete, muda umetimia. Ukiibuka saa tisa alasiri, ni kesho saa tatu asubuhi. Ndege ndogo ya kutoka Mafia nayo ni ndege. Na kupanda milimani kuna hatari ya jinsi hiyohiyo: anayepiga mbizi Diani asubuhi na kushika treni ya mchana kwenda Nairobi anapanda zaidi ya mita 1,600, na anayetoka Pemba kupitia Tanga kwenda Lushoto anapanda karibu mita 1,400. Wengi wanaoheshimu kanuni ya ndege hawaikumbuki barabara.

Pete ya dakika 60 ina kazi nyingi nchi kavu, na hizo sina haja ya kukufundisha. Chungu cha wali na maegesho ya kulipia vitakufundisha vyenyewe. Kwa wakaao pwani nitaongeza hili tu. Maji yakitoka kabisa leo saa nne asubuhi, kesho yatatoka karibu dakika 50 baadaye, na kati ya kupwa na kujaa ni saa sita na dakika chache. Mwenye pete ya tarakimu 24, mshale wa nne ukiwa kwenye saa ya hapa, anaweza kuiweka pembetatu kwenye saa ya maji kupwa asubuhi, na mchana kutwa akaona maji yamefika wapi. Wanaotembea mwambani wakati wa bamvua wanajua jinsi maji yanavyorudi kwa mwendo.

Kuivaa kila siku ni jambo la jasho, sabuni na chumvi zaidi kuliko la presha. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi ya bomba ufunguo ukiwa umefungwa, na huku maji yanapita, izungushe pete duru nzima. Punje za mchanga hukaa chini yake, na chumvi ikikauka hugeuka kokoto ndogo zinazosaga chuma. Mkanda wa cheni usugue kwa mswaki laini na sabuni kidogo. Wa mpira au wa nailoni ndio bora kwa pwani. Wa ngozi utaoza na kunuka. Wenye kutawadha mara tano kwa siku wauache mkanda uwe na nafasi ya kusogea, maji yafike chini yake, wakumbuke pia kuusuuza povu linapoingia kwenye pingili. Mvuke na maji ya moto saa hii haivipendi: joto hulainisha mipira ya kuzuia maji, na ubaridi unaofuata huvuta unyevu ndani. Usiiache juu ya dashibodi ya gari juani. Iweke mbali na spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku; saa ya mashine ikianza ghafla kwenda mbele dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi imeshika sumaku tu, na fundi ataitoa kwa muda mfupi.

Ya betri au ya mashine? Ya mashine ina ladha yake, naipenda, lakini useme ukweli kuhusu maisha yako. Seiko wenyewe hutaja kwa mashine zao za familia ya 4R, iliyomo kwenye SSK001, kwamba zinaweza kukosea mpaka sekunde 45 mbele au 35 nyuma kwa siku, na zikivuliwa hukaa saa 41. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili saa tano asubuhi imelala, na mishale yote minne inakungoja uipange. Ya betri hukosea sekunde chache kwa mwezi na inatembea droo ikiwa imefungwa. Kwa anayevaa saa moja tu kila siku, ya mashine haitamsumbua. Kwa mwenye kubadilisha saa, au anayetaka mshale wa nne usimame kwenye haki siku zote, achukue ya betri au ya mwanga wa jua.

Ila ya betri ina siku yake ya hatari, nayo ni siku ya kubadilisha betri. Simama umtazame fundi. Mgongo wa saa ukifunguka utaona mpira mweusi mwembamba kama uzi, umelala kwenye mfereji wake. Huo ndio ukuta kati ya mashine yako na bahari. Ukiwa umebanwa bapa, umekauka au una mpasuko, lazima ubadilishwe. Ukiwa mzima, upakwe mafuta ya silikoni kidogo na urudishwe bila kujipinda. Unyoya mmoja wa pamba ukikaa juu yake, maji yatafuata unyoya ule. Mgongo uliobanduliwa kwa kisu na kufungwa kwa haraka utaonekana sawasawa, saa itatembea, na hutajua kitu mpaka utakapokuwa majini.

Unaweza kujichunguzia nyumbani. Ivae mpaka ipate joto la mkono, weka kipande cha barafu juu ya kioo kwa dakika moja, kisha futa. Ukungu ukibaki upande wa ndani, kuna unyevu humo. Ukungu huo usiutibu kwa mchele wala kwa jua. Kama ni maji ya chumvi yaliyoingia, ifikishe kwa fundi siku hiyohiyo ifunguliwe na kukaushwa. Kutu haingoji wiki.

Mipira hiyo huchakaa hata kwenye saa isiyofunguliwa. Kwa hiyo kila mwaka, kabla kaskazi haijatulia na wewe kurudi majini, ipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia presha. Kama fundi wako wa karibu hana kifaa hicho, mlipe betri yake, mshukuru kwa kazi, na usiingie na saa hiyo baharini mpaka ipimwe.